Breki ya giaboksi inapochelewa kuachia gari la dragi: jinsi ya kutafuta chanzo

Gari la mbio za dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu) lenye giaboksi otomatiki mara nyingi huzuiwa kwenye mstari wa kuanzia na giaboksi yenyewe, wala si na breki za magurudumu. Dereva anapobonyeza kitufe kilicho kwenye usukani, umeme huingia katika solenoidi (koili ya umeme inayovuta kipande cha chuma kiitwacho plunja) iliyofungwa kwenye vali bodi, sehemu inayogawa mafuta ndani ya giaboksi, plunja yake husogeza vali, na mafuta yenye shinikizo huelekezwa kwenye gia ya kwanza na gia ya nyuma kwa wakati mmoja. Gia hizo mbili, kila moja ikivuta upande wake, hufunga shafti ya kutokea, na injini hunguruma dhidi ya toki konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) bila gari kusogea. Kitufe kikiachiwa, umeme hukatika, springi hurudisha vali mahali pake, mafuta ya gia ya nyuma humwagika kurudi kwenye sampu (karai la mafuta chini ya giaboksi), na gari huchomoka.

Mfumo huu, ambao mafundi huuita transibreki, hufungwa zaidi katika Powerglide ya gia mbili na TH400 ya gia tatu, zote za General Motors, na pia katika C4 ya Ford na 727 ya Chrysler. Marekani ndiko ulikokomaa, lakini gari linaloshindana Santa Pod nchini Uingereza au katika viwanja vya Ghuba hutumia vipuri vya aina hiyohiyo na huugua ugonjwa uleule: dereva ameachia kitufe kwa wakati, gari limekaa kidogo, kisha ndipo limeondoka. Kukaa huko huweza kuwa kwa sehemu moja au mbili tu za mia za sekunde, muda ambao aliyesimama pembeni hauoni, nao unatosha kabisa kumtoa dereva mashindanoni katika raundi ya kwanza.

Kabla ya kushika spana, tambua ni lipi kati ya malalamiko mawili unaloshughulikia. Breki inayochelewa kwa kiasi kilekile kila mara si balaa kubwa, kwa sababu dereva anayetumia kisanduku cha kuchelewesha (kifaa kinachosubiri muda uliopangwa baada ya kitufe kuachiwa ndipo kikate umeme wa breki) anaweza kupunguza muda aliouweka humo. Katika mti kamili wa taa (mti ni nguzo ya taa za kuanzishia mbio), taa tatu za njano huwaka kwa kupishana nusu sekunde, hivyo kutoka njano ya juu hadi kijani kuna sekunde 1.5, nafasi ya kutosha kufidia ucheleweshaji mdogo kwa dereva anayeachia kitufe kwa taa ya juu. Kwenye mti wa pro, ambako njano zote huwaka pamoja na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4, nafasi hiyo haipo. Lakini breki inayobadilika, safari hii ikachelewa kidogo na safari inayofuata ikachelewa sana, haina fidia katika mti wowote. Uchelewaji usiobadilika kwa kawaida hutokana na jinsi mfumo ulivyojengwa: diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), nguvu ya springi, uzito wa mafuta. Uchelewaji unaobadilika hutokana na uchafu, vali inayonata, kontakti zilizoungua au joto.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya matokeo kabla ya kufungua chochote

Mafundi wengi hukimbilia kushusha giaboksi, ilhali nusu ya jibu tayari imechapishwa kwenye karatasi ambayo dereva ameikunja mfukoni. Muda wa kuitikia taa huishia pale tairi la mbele linapotoka kwenye mwale wa kuanzia, yaani mwanga wa sensa unaokatiza mstari wa kuanzia. Saa ya mbio yenyewe, pamoja na muda wa futi 60 za mwanzo, huanza wakati huohuo tairi linapouachia mwale, haianzi taa ya kijani inapowaka. Maana yake ni kwamba kucheleweshwa kokote kunakotokea kabla gari halijasogea kutaharibu muda wa kuitikia taa bila kugusa muda wa futi 60.

Panga karatasi za safari kadhaa, nzuri na mbaya, uzilinganishe. Ikiwa muda wa kuitikia taa umeharibika na futi 60 hazijabadilika, tafuta chanzo kwa dereva, kwenye umeme, kwenye solenoidi au kwenye vali. Ikiwa vyote viwili vimeharibika pamoja, gari limeanza kusogea kwa uzito: huenda klachi ya gia ya nyuma bado inaburuza, kikomo cha mizunguko ya injini hakijaachia, injini imekwama kidogo mafuta yalipoongezeka, tairi za nyuma zimeteleza au breki za magurudumu zinashika. Mpaka huu si mkali kama kisu, kwa sababu tairi la mbele hubingiria inchi kadhaa kabla ya kutoka kwenye mwale, na uzito wa mwanzo hujificha humo kwa sehemu. Hata hivyo, kama kipimo cha kwanza kisicho na gharama, sijui kilicho bora zaidi.

Hakikisha pia kwamba safari unazolinganisha zilianza kwa namna moja. Dereva aliyesogea mbele zaidi ndani ya mwale hutoka humo mapema. Aliyesimama nyuma huchelewa. Tairi la mbele lililopungua upepo nalo hubadilisha umbali wa kubingiria.

Hatua ya 2: Mwondoe dereva katika hesabu

Mfungie dereva mti wa taa wa mazoezi, ukitumia kitufe kilekile cha kwenye usukani na akiwa amekaa kwenye kiti kilekile amefunga mikanda na kuvaa glovu. Ikiwa matokeo yake ya mazoezi yanatawanyika kwa kiasi kilekile cha mtawanyiko wa uwanjani, breki haina kosa. Baadhi ya visanduku vya kuchelewesha huhifadhi muda ambao kitufe kiliachiwa. Kama chako kinafanya hivyo, linganisha muda huo na ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Hakikisha si injini iliyoshikwa

Magari mengi huchukua umeme wa kuwasha kikomo cha mizunguko cha kuanzia kutoka kwenye waya huohuo wa transibreki, ili injini isipande kupita kiwango wakati gari limezuiwa. Kitufe kikiachiwa, kikomo hicho kinatakiwa kufutika papo hapo. Kisipofutika kwa wakati, breki itakuwa imeshaachia lakini injini itaendelea kukata moto, na dereva atahisi vilevile kana kwamba giaboksi imemng'ang'ania.

Jaribio lake ni rahisi. Ondoka mara chache kwa kukanyaga mafuta kiasi tu, mizunguko ikiwa chini ya kikomo, ili kikomo kisihusike kabisa. Utaondoka kwa ulegevu, lakini ikiwa kule kukaa kidogo kumetoweka, geukia waya na kisanduku cha mfumo wa kuwasha moto, na giaboksi iache ilipo.

Hatua ya 4: Piga picha ya kuondoka

Gari lenye kirekodi data linaweza kuonyesha volti za solenoidi, mizunguko ya injini na ya propela shafti katika grafu moja. Kirekodi hicho kina mipaka miwili ambayo husahauliwa. Kikichukua vipimo 100 kwa sekunde, kila kipimo kina pengo la sekunde 0.010, ambalo linaweza kulingana na tatizo zima unalolitafuta. Halafu sensa ya propela shafti inayosoma sumaku moja kwa mzunguko haioni chochote hadi sumaku ipite mbele yake, kwa hiyo shafti inaweza kuwa imeshaanza kuzunguka huku grafu ikisema imetulia. Sensa ya kupima mwongezeko wa kasi huonyesha mwanzo wa kusogea kwa usahihi zaidi.

Asiye na kirekodi hajapungukiwa. Simu inayopiga video ya picha 240 kwa sekunde hutoa picha moja kila milisekunde 4 hivi, na hiyo inatosha. Chukua taa ndogo ya LED, iunge kwenye waya unaoingia kwenye solenoidi pamoja na rezista ya kupunguza mkondo na diodi ya kuilinda dhidi ya umeme wa kinyume, kisha ibandike karibu na tairi la mbele. Usitumie balbu ya waya, kwa sababu waya wake huendelea kung'aa baada ya umeme kukatika na utahesabu uongo. Chora mstari wa chaki kwenye tairi, weka simu juu ya stendi isiyotikisika mahali palipo salama pembeni, na upige gari linapoondoka. Baadaye hesabu picha tangu taa ilipozimika hadi mstari wa chaki uliposogea.

Idadi moja ya picha haina maana peke yake, kwa kuwa kila vali bodi na kila gari lina muda wake wa kawaida. Kinachosema ni ulinganisho: asubuhi mafuta yakiwa baridi na mchana yakiwa moto, safari nzuri na safari mbaya, kabla na baada ya kila badiliko utakalofanya. Kuanzia hapa rudia video hii kila unapobadilisha kitu, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Usishikilie breki kwa muda mrefu katika majaribio haya. Injini inayonguruma huku konvata imefungwa upande wa pili humwaga nguvu yake yote kwenye mafuta kama joto, na sekunde chache tu zinatosha kuyapandisha. Acha yapoe kati ya jaribio na jaribio. Usijaribu kamwe kuondoka kwa mizunguko ya juu gari likiwa juu ya jeki au stendi.

Hatua ya 5: Fuata umeme kuanzia kwenye kitufe

Solenoidi huhitaji mkondo mkubwa kuivuta plunja, lakini ikishaivuta, mkondo mdogo sana hutosha kuishikilia. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kasoro nyingi za umeme katika mfumo huu: si lazima umeme wote ubaki ili breki ichelewe, mabaki kidogo tu yanatosha.

Weka maltimita kwenye waya wa solenoidi, injini ikiwa imezimwa lakini swichi kuu imewashwa, kisha bonyeza na uachie kitufe. Baada ya kuachia, kipimo kinatakiwa kushuka hadi sifuri. Volti moja au mbili zikibaki, kuna umeme unaorudi kutoka kwenye saketi nyingine, mara nyingi waya wa kikomo cha mizunguko, wa naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu ya injini), au wa kisanduku kinachosogeza gari polepole kuingia kwenye mwale. Chomoa matawi hayo moja baada ya jingine hadi volti zipotee. Kisha kiondoe kisanduku cha kuchelewesha katika saketi, unganisha kitufe moja kwa moja na relei ya solenoidi, na upige video upya. Kitufe chenyewe kikague: swichi ndogo iliyoingia jasho na vumbi la uwanjani hunata, tena hunata kwa kubahatisha.

Relei ifungue ukiweza, au ibadilishe tu, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko muda wako. Kontakti zilizoungua hushikana kidogo kabla ya kuachana, na hutoa uchelewaji ule usiotabirika.

Diodi inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vyote. Mkondo unapokatwa ghafla katika koili, usumaku unaoporomoka huzalisha volti kubwa za kinyume ambazo huweza kuua kisanduku cha kuchelewesha na kuvuruga mfumo wa kuwasha moto. Ili kuzuia hilo, mafundi huunga diodi sambamba na koili. Diodi hiyo huupa mkondo njia ya kuendelea kuzunguka ndani ya koili, na kwa kuwa diodi ya kawaida hukinza kwa kiasi cha volti 0.7 tu, mkondo hufifia polepole, plunja ikibaki imeshikwa hadi ufifie vya kutosha. Kwa maneno mengine, kifaa kilichofungwa kulinda umeme ndicho kinachochelewesha gari. Ukiwa na klampu ya kupimia mkondo na osiloskopu (kifaa kinachochora umeme kama grafu) utauona mkondo ukishuka kwa mteremko laini, na katikati ya mteremko huo kuna kinundu kidogo: hapo ndipo plunja ilipoachia kweli.

Kuikata diodi na kuitupa si dawa, kwani utakuwa umehamishia tatizo kwenye vifaa vya bei kubwa. Dawa ni kuiunganisha kwa mfuatano na diodi ya Zener, au na rezista inayofaa, ili volti za kinyume ziruhusiwe kupanda kiasi na mkondo ufe haraka zaidi. Kabla ya kuchagua kiwango cha Zener, soma maelezo ya kisanduku chako ujue kinavumilia volti ngapi. Kumbuka kwamba koili ya relei nayo huenda ina diodi yake, ambayo huongeza ucheleweshaji juu ya ucheleweshaji.

Hatua ya 6: Solenoidi na plunja

Katika baadhi ya giaboksi solenoidi iko nje ya kesi, katika nyingine imo ndani ya sampu. Popote ilipo, itoe, ioshe, na uiwashe mezani kwa betri. Plunja irudi kwa wepisi katika kila upande utakaoigeuza. Ikikwaruza, tafuta kingo zilizoinuka, mkwaruzo, au mwili uliobanwa na mtu aliyeikaza kupita kiasi wakati wa kufunga.

Ikirudi vizuri kwa mkono lakini ikasita baada ya umeme kukatika, shuku usumaku uliobaki kwenye chuma. Solenoidi nyingi huwa na kijitenganishi kisicho cha sumaku kinachoizuia plunja kugusana kabisa na kiini. Kikichakaa, chuma hugusa chuma na huachana kwa shida. Solenoidi ya namna hiyo haikarabatiki kwa maana yoyote ya kuaminika. Badilisha.

Pima pia ukinzani wa koili ikiwa baridi na ikiwa moto, uulinganishe na wa solenoidi mpya ya aina hiyohiyo. Koili ya omu 1.5 kwenye volti 12 huvuta ampea 8. Ikisoma pungufu mno, sehemu ya nyaya zake imeungana ndani.

Hatua ya 7: Mafuta

Umeme na plunja vikithibitika kuwa salama, tatizo limehamia upande wa mafuta. Ikiwa safari ya kwanza ya siku ndiyo mbaya na zinazofuata hunyooka, mafuta baridi yanatoka kwa uzito kwenye klachi ya gia ya nyuma; pasha giaboksi moto hadi joto lilelile kila mara, na utumie aina ya mafuta aliyoitaja aliyejenga giaboksi. Kiwango kikiwa chini, pampu hufyonza hewa. Kikiwa juu mno, gia huyapiga yakatoa povu. Mafuta yenye povu hayatii amri ya vali yoyote.

Hatua ya 8: Vali bodi

Shusha sampu na uangalie kilicholala chini kabla ya kukifuta. Vumbi jeusi la klachi na bendi ni la kawaida kwa kiasi. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Kisha itoe vali ya transibreki. Vali iliyo kavu na safi inatakiwa kuteleza ndani ya tundu lake kwa uzito wake yenyewe unapoiinamisha vali bodi. Isipoteleza, sugua kwa jiwe laini sana pale tu palipoinuka, na kingo za vali uziache zikiwa kali, kwa maana ukali huo ndio unaokata uchafu usipenye kati ya vali na tundu.

Zingatia kama ugonjwa huongezeka kwa joto. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Vali ya chuma ndani ya tundu la aluminiamu hulegea giaboksi ikipata moto, hivyo ikinata kwa joto shuku uchafu au bodi iliyopinda. Vali ya aluminiamu ndani ya bodi ya chuma cha kalibu hufanya kinyume chake, na nafasi iliyokuwa ndogo tangu mwanzo huisha kabisa.

Kupinda kwa bodi mara nyingi huletwa na boliti zilizokazwa kwa mkono wenye hasira. Zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji, ukianzia katikati kwenda pembeni. Pima urefu wa springi ya kurudishia vali dhidi ya mpya. Mwisho, linganisha gasketi ya vali bodi na bamba lake tundu kwa tundu: gasketi isiyo yake inaweza kuziba nusu ya njia ya kumwagia mafuta ya gia ya nyuma, na giaboksi ikafanya kazi vizuri katika kila jambo isipokuwa hili.

Hatua ya 9: Klachi ya gia ya nyuma

Hapa ndipo giaboksi hushuka, na huja mwisho kwa sababu hiyo. Katika Powerglide, bendi ndiyo inayoshika gia ya chini na fungu la klachi lililo nyuma ya kesi hushika gia ya nyuma. Katika TH400, gia ya nyuma hutumia klachi iitwayo direct pamoja na bendi ya nyuma. Sahani zilizopinda kwa joto, nafasi ndogo kati yake, springi dhaifu za kurudishia pistoni au sili zilizokakamaa zote huzuia fungu lisiachane upesi hata mafuta yakiwa yameshamwagika. Dalili zake ni futi 60 zilizoharibika pamoja na muda wa kuitikia taa, na sahani za gia ya nyuma zilizoungua ilhali nyingine bado ni nzima.

Baada ya matengenezo

Breki iliyopona huachia mapema kuliko ile ambayo dereva amekwisha kuizoea, na kwa mpangilio uleule wa zamani ataondoka kabla ya kijani na kuwashiwa taa nyekundu. Kwa hiyo piga video ya mwisho, hesabu picha zilizopungua tangu video ya kwanza, zigeuze kuwa sehemu za sekunde, na uziongeze kwenye kisanduku cha kuchelewesha. Picha tano zilizopungua kwenye video ya picha 240 ni takriban sekunde 0.021. Thibitisha hesabu hiyo katika safari za majaribio, mafuta yakiwa kwenye joto la mashindano, kabla dereva hajaingia raundi ya kwanza.